Betri ya Tela la Safari Isiyokaa na Chaji: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Malalamiko huja kwa sura moja: tela limetoka Mbezi Ijumaa jioni taa zote zikiwaka, likafika Mikumi usiku friji ikiwa imezima na pampu ya maji ikikoroma bila kutoa tone, na mwenye tela ameshaamua moyoni kwamba betri imekufa. Jumatatu anateremka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kununua nyingine, na baada ya miezi michache anarudi na malalamiko yaleyale. Betri ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa. Lakini yenyewe hupokea tu kile inacholetewa na kutoa kile inachoombwa, na haiwezi kuhukumiwa kabla ya kupima kinachoingia na kinachotoka. Maelezo haya yanahusu matela ya kulala yenye mfumo wa volti 12, ambayo hupata chaji kwa njia tatu: kutoka kwenye altaneta ya gari linalovuta, kutoka umeme wa nyumbani kupitia chaja ya ndani, na kutoka paneli za sola zilizo juu ya paa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: multimita ya kawaida, ambayo mafundi huiita mita tu, spana namba 10 na 13, msasa laini, waya mwembamba wa mita kumi hivi, na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 iliyoungwa nyaya mbili. Unapofungua betri, anza na upande wa hasi na uufunge wa mwisho, ili spana ikiteleza na kugusa shasii isipige shoti. Sanduku la betri liachwe wazi dakika kadhaa kabla ya kazi, kwa kuwa betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja ndani ya sanduku lililofungwa inatosha kuipasua.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika

Kosa linalorudiwa sana ni kupima betri mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja, inaposoma volti 13 na ushee na kumpa mwenyewe faraja asiyostahili. Chaji hiyo ya juujuu hutoweka baada ya saa chache. Chomoa chaja jioni, funika paneli za sola au uzitenge, zima kila kitu, na pima asubuhi moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, si kwenye vibanio vya nyaya. Betri ya asidi iliyojaa itasoma kati ya volti 12.6 na 12.7, na zile zilizofungwa zisizoongezwa maji husoma juu kidogo, hadi 12.8. Ikisoma volti 12.1 hivi imebaki na nusu ya chaji, na ikifika 11.8 ihesabu kuwa tupu. Betri za aina hii hazipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Kila usiku unaoishia volti 11 na kitu unapunguza idadi ya safari zilizobaki.

Kuna somo moja ambalo halihitaji mjadala. Betri iliyochajiwa usiku kucha na bado ikasoma volti 10.5 hivi ina seli moja iliyopiga shoti, kwa sababu seli sita zenye volti 2.1 kila moja zimebaki tano. Hiyo haina dawa, hata ukiambiwa na nani.

Betri za lithiamu hazifuati jedwali hili. Kwa sehemu kubwa ya chaji yake betri ya namna hiyo husoma volti 13.2 au 13.3 bila kutikisika, kwa hiyo volti pekee hazikuambii imebaki na kiasi gani. Na ikisoma sifuri au volti chache tu ghafla, usiitupe: ndani yake kuna bodi ya ulinzi inayokata umeme betri ikishuka mno au ikitumiwa kupita kiasi, na mara nyingi huamka inapounganishwa na chaja inayofaa.

Betri inajaa upesi na kuisha upesi

Dalili yake ni kwamba chaja inawasha taa ya kijani baada ya saa moja tu, asubuhi mita inasoma volti 12.6 nzuri kabisa, lakini saa tatu usiku taa za ndani zimeshafifia. Hapo volti zinasema kweli, ila uwezo wa betri umekwisha. Ni kama ndoo iliyojaa mchanga hadi shingoni, ambayo hujazwa kwa kikombe kimoja na kumwagwa kwa kikombe hichohicho. Mchanga wenyewe ni madini ya salfeti yanayoganda juu ya pleti za risasi pale betri inapoachwa bila chaji kwa wiki nyingi, na yakishakuwa magumu hayarudi kuwa asidi.

Chanzo kingine ni aina ya betri. Duka likiishiwa betri za kazi ya muda mrefu, muuzaji atakupa N70 au N100 ya kuwashia gari na kukuhakikishia kwamba betri ni betri. Sivyo. Betri ya kuwashia injini ina pleti nyembamba nyingi, zilizotengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kurudishiwa chaji papo hapo. Ukiiwashia friji na feni usiku mzima, mara kadhaa tu za kushushwa chini kabisa zinatosha kuiharibu.

Ili kujua uwezo uliobaki, jaza betri, iache ipumzike, kisha iwashie ile balbu ya wati 55, ambayo hula ampea 4.6 hivi. Betri nzima ya ampea-saa 100, yaani yenye uwezo wa kutoa ampea moja kwa saa 100, itaiwasha balbu hiyo kwa takriban saa kumi kabla ya mita kusoma volti 12 balbu ikiwa bado inawaka, yaani ikiwa imekaribia nusu ya chaji. Yako ikifika hapo baada ya saa tatu, ujue imebaki na chini ya theluthi ya uwezo ulioandikwa ubavuni. Kipimo hiki ni cha polepole, lakini sijaona kingine kinachofanyika nyumbani bila gharama kikasema ukweli kuliko hiki.

Kwa betri za maji, fungua vizibo na utazame. Maji yanatakiwa kufunika pleti kwa takriban sentimita moja. Pleti zilizokauka juu zimeshapoteza sehemu hiyo kwa jumla. Ongeza maji ya betri yanayouzwa sheli, baada ya kuchaji na si kabla, isipokuwa pleti ziwe wazi, ambapo utaongeza kidogo ya kuzifunika tu kwanza. Maji ya bomba hayafai, na ya kisima hayafai zaidi, kwa kuwa visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi unayoweza kuionja ulimini. Asidi nayo haiongezwi: kinachopungua ni maji, asidi imebaki ndani.

Betri haijai wakati tela linavutwa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo matela mengi yanapoumia bila mwenyewe kujua. Pima kwanza betri ya gari injini ikiwaka; altaneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha nenda nyuma, plagi ikiwa imechomekwa, upime betri ya tela. Ikiwa somo ni lilelile lililokuwapo kabla ya kuwasha injini, umeme haufiki kabisa. Ikiwa limepanda lakini limeishia 13.1 au 13.2, umeme unafika umechoka, na betri ya asidi inayolishwa volti hizo haitajaa hata ukiivuta hadi Mbeya.

Usipofika kabisa, anza na plagi. Plagi ya Ulaya ya pini 7 iliyozoeleka ni ya taa, na kwa kawaida haina waya wa kuchaji betri. Fundi aliyefunga soketi kwenye gari lako akiambiwa tu kwamba taa za tela ziwake, atafunga taa na kuishia hapo, na hana kosa. Plagi ya pini 13 ina nafasi ya kazi hiyo: pini ya 9 hubeba umeme wa kudumu, ya 10 hubeba umeme unaokuja injini inapowaka, na 11 na 13 ni hasi zake. Lakini pini kuwapo kwenye plagi si hoja kwamba kuna waya nyuma yake. Fungua soketi ya gari na utazame, halafu tafuta fyuzi iliyo karibu na betri ya gari, kisha relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme. Relei inayohisi volti huunganisha njia pale betri ya gari inapopita volti 13.3 hivi na kuikata ikishuka kuelekea 12.8. Weka kiganja juu yake huku mtu mwingine akiwasha injini, nawe utasikia mlio mdogo wa tak. Usipousikia, na umeme unaingia upande mmoja bila kutoka wa pili, umeipata.

Umeme unaofika umechoka una hesabu yake, na hesabu hiyo inafaa kufanywa mara moja na kila mwenye tela. Kutoka betri ya gari hadi betri ya tela ni kama mita 7, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia yote ni mita 14 za shaba. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ambao madukani huuzwa kama waya mnene, ukinzani wa njia hiyo ni karibu omu 0.1, ukipitisha ampea 10 unapoteza volti 1 nzima, na volti 14.2 za altaneta zinafika zikiwa 13.2. Kwa waya wa milimita za mraba 16, ampea hizohizo zinapoteza volti 0.15 tu. Ndiyo sababu tela lenye betri nzuri na altaneta nzuri linaweza kulala njaa kila safari. Friji ya gesi inayoendeshwa kwa volti 12 safarini huongeza balaa, kwani peke yake hula ampea 10 hadi 15 katika njia hiyohiyo.

Tela langu lilinifundisha upande wa pili wa jambo hili. Katika miezi minane nilinunua betri mbili, na ya pili ilipoanza kulegea nikatandika ule waya wa mita kumi chini: ncha moja kwenye hasi ya betri ya gari, nyingine kwenye mita, na mkono mwingine wa mita kwenye hasi ya betri ya tela, injini ikiwaka. Mita ilitakiwa isome volti 0.2 au pungufu. Ilisoma 0.9. Nilifuata waya mweusi hadi ulipokazwa kwenye shasii, nikakuta bolti imefungwa juu ya rangi, na chini ya washa pana unga wa kijani wenye unyevu kama tui lililochacha. Tela hulala Mbweni, ambako upepo wa bahari huingia hadi ndani ya soketi. Nilikwangua rangi mpaka chuma king'ae, nikasafisha kwa maji ya moto yenye magadi, nikakausha, nikakaza kwa washa mpya na kupaka grisi juu. Kazi yote ilinichukua muda wa kuchemka maharage. Betri zile mbili hazikuwa na hatia, na ya kwanza nilikuwa nimeshaiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo pima upande wa hasi kwa namna hiyo, upime na upande wa chanya, na popote unapoona volti zaidi ya 0.3 zimepotea, gawa njia katikati na upime tena mpaka uzikute. Pini za plagi husafishwa kwa msasa laini na brashi ndogo. Wanaovuka kwenda kuweka kambi Kigamboni wafanye hivyo mara nyingi kuliko wanaokwenda bara.

Yapo mawili ya kuongeza. Magari mapya mengi yana altaneta inayoongozwa na kompyuta, ambayo hushusha volti mara betri ya gari inapojaa, ili kuokoa mafuta. Hapo nyaya nene hazitasaidia, na suluhisho ni chaja ya kati inayopokea volti za gari na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya tela inahitaji. La pili ni foleni. Injini inapozunguka polepole altaneta hutoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na kiyoyozi na taa hula sehemu hiyo kwanza. Saa mbili za kujongea Barabara ya Morogoro kabla ya kutoka mjini si saa mbili za chaji.

Umeme wa nyumbani umechomekwa, chaja haifanyi kitu

Soma kwanza kibandiko cha chaja, hasa kama tela limeagizwa kutoka nje. Umeme wetu ni volti 230 kwa mizunguko 50, sawa na wa Uingereza na Afrika Kusini, lakini vifaa vya Marekani hutengenezwa kwa volti 120 na vya Japani kwa volti 100. Chaja iliyoandikwa volti 100 pekee ikichomekwa kwenye soketi ya Sinza haitaugua. Itakufa papo hapo, na pengine moshi utaonekana. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina tatizo.

Kama kibandiko kiko sawa, pima volti zinazofika ndani ya tela chaja ikiwa inafanya kazi. Ekstensheni nyembamba ya mita 30 mwishoni mwa laini yenye umeme hafifu inaweza kushusha volti kiasi kwamba chaja inajizima kwa kujilinda. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake ikunjuliwe yote, la sivyo hujipasha moto mpaka plastiki iyeyuke. Kisha pima upande wa volti 12: chaja nzima hutoa kati ya 13.5 na 14.4. Ikitoa sawasawa lakini betri haioni kitu, kuna fyuzi iliyoungua katikati, na kwenye chaja nyingi za Marekani zipo fyuzi maalumu zinazoungua mtu akikosea kugeuza chanya na hasi wakati wa kufunga betri. Ikiwa betri imeshuka mno, chini ya volti 10 au hapo karibu, chaja nyingine za kisasa hukataa kuanza kwa kudhani hakuna betri. Iunganishe betri hiyo ya asidi na nyingine nzima ya aina hiyo kwa nyaya za kushtulia gari, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa dakika chache, na chaja itaitambua. Kazi yoyote ndani ya upande wa volti 230 ni ya fundi umeme.

Sola haileti kinachotarajiwa

Kabla ya kulaumu paneli, linganisha matarajio na hesabu. Paneli ya wati 100 saa sita mchana hutoa ampea 5 hivi, na kwa siku yenye jua zuri la Dar es Salaam hukuletea kama ampea-saa 30. Friji ya kompresa kwenye joto letu hula ampea-saa 50 hadi 70 kwa siku. Paneli hiyo haina ugonjwa. Imepewa mzigo wa mbili.

Ikiwa inaleta chini ya hapo, angalia kivuli kwanza. Kuti moja la mnazi likikatiza seli chache hupunguza umeme wa paneli nzima kupita ukubwa wa kivuli chenyewe, na tela lililoegeshwa chini ya mwembe ili kuwa baridi limechaguliwa ubaridi badala ya chaji. Futa vumbi na chumvi. Acha uwazi wa sentimita chache kati ya paneli na paa, kwa kuwa paneli inapochemka hupoteza nguvu. Halafu chomoa nyaya za paneli na upime juani: paneli ya mfumo wa volti 12 isiyounganishwa na kitu husoma volti 20 hadi 22. Ikisoma hivyo na bado chaji haiji, tazama kontrola ya sola imewekwa kwa aina gani ya betri, na ukiifunga upya uiunganishe na betri kwanza, paneli baadaye.

Tela limesimama tu, betri imeisha

Zima kila kitu, ondoa waya wa hasi, na uweke mita katikati ya waya huo na kichwa cha betri, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Usijaribu kuwasha pampu mita ikiwa hapo. Ukiona ampea 0.2, hizo ni karibu ampea-saa 5 kwa siku, na betri ya ampea-saa 100 itafika nusu baada ya siku kumi. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ianguke. Redio inayotunza saa, bodi ya friji na inveta iliyosahauliwa ikiwa imewashwa ndizo ninazozikuta zaidi. Kihisi cha gesi nacho hula kidogo, lakini hicho kiachwe wakati wote mtu anapolala ndani.

Betri inachemka au inanuka mayai viza

Hapa acha kila kitu, kata chaja kwenye soketi bila kugusa vichwa vya betri, na ufungue madirisha. Betri inazidishiwa chaji au ina seli iliyokufa inayoifanya chaja isikome kusukuma. Ikishapoa, pima chaja inapofikia hatua ya kutunza, yaani betri imeshajaa na chaja inaishikilia tu: ikizidi volti 13.8 kwa betri ya asidi, kwa joto letu ni nyingi mno. Chaja nyingi hupangwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo huhitaji volti zipungue kwa 0.02 au 0.03 hivi, sanduku la betri lililo juani Januari hupita nyuzi 40 bila shida. Chaja yenye kihisi cha joto hurekebisha yenyewe, mradi kihisi kimebandikwa kwenye betri na si kuning'inia hewani. Betri iliyovimba ubavu haichajiwi tena.

Ukimaliza matengenezo, andika vipimo kwenye kipande cha plasta ndani ya kifuniko cha sanduku, ili safari nyingine uwe na cha kulinganisha. Changu kwa sasa kinasema: asubuhi 12.7; injini ikiwaka, gari 14.2 na tela 13.9; tela limesimama, ampea 0.04.